Kilicho Chini ya Kigae: Maelezo kwa Wananchi na Watumishi Kuhusu Kazi ya Vigae vya Kauri na Mapatano na Mafundi

Maelezo haya yanatolewa kwa wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa usimamizi wa majengo ya umma, ili yawasaidie wanapotaka kuweka vigae vya kauri na wanapopatana na mafundi wa kazi hiyo. Vigae hivyo, ambavyo madukani huitwa tailizi na ambavyo wengi wetu huviita marumaru ingawa marumaru ya asili ni jiwe, vimechukua nafasi ya sakafu ya niru katika nyumba nyingi, mjini na mashamba. Huletwa kutoka nchi za Ghuba, India na China, na katika miaka ya karibuni pia kutoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze vilivyomo Mkoa wa Pwani.

Kwa familia nyingi, kazi ya vigae ni miongoni mwa gharama kubwa za mwisho kabla ya kuhamia nyumba mpya. Aghalabu hulipiwa kwa akiba ya miaka, kwa fedha za upatu, au kwa kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu, fedha ambayo haiji mara ya pili. Kazi iliyofanywa vibaya haioneshi ubaya wake siku ya kwanza. Siku hiyo sakafu hung'ara na kila anayeingia huisifu. Baada ya masika moja au mbili ndipo vigae vinapoanza kulia kama debe tupu, kuinuka, kupasuka kwenye pembe na kupitisha maji. Wakati huo fundi ameshalipwa, vifaa vimeshatumika, na ni nadra kigae kubanduliwa kikabaki kizima.

Jambo kuu ambalo kila mwenye nyumba anatakiwa alishike ni hili: uzima wa kazi ya vigae umo katika yale yanayofunikwa. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kabla ya kufunika, na malipo yafuate ukaguzi. Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa kufuata kanuni hiyo.

KUKIJUA KIGAE

Kigae cha kauri ni udongo uliochanganywa na madini mengine, ukashindiliwa na kuchomwa katika tanuri lenye joto kali. Vingi hupakwa juu tabaka jembamba la kioo lenye rangi au michoro. Tofauti kubwa kati ya kigae kimoja na chengine haiko katika michoro hiyo, bali katika kiasi cha maji kinachoweza kunywewa na mwili wa kigae. Kiwango cha kimataifa ISO 13006 huvigawa vigae kwa kipimo hicho. Vile vinavyokunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake ni vigumu na huhimili mvua na mikanyago. Hivi ndivyo vinavyojulikana kwa jina la poseleni. Vile vinavyokunywa zaidi ya asilimia 10 ni laini na vyepesi, na vimekusudiwa kuta za ndani. Kigae cha ukutani kikiwekwa sakafuni kitapasuka, hata kama fundi ni hodari.

Mnunuzi asiye na kitabu cha viwango anaweza kufanya jaribio dogo dukani. Akigeuze kigae, atie matone ya maji mgongoni, yaani upande usio na rangi, na aangalie. Maji yakinywewa mara moja, kigae hicho ni cha ukutani. Yakibaki juu kwa muda mrefu, kigae ni kigumu na kinaweza kufaa sakafuni.

Aidha, boksi la vigae lisomwe. Kwa kawaida huandikwa kipimo cha kigae, idadi iliyomo, namba ya rangi na namba ya ukubwa halisi. Mabonge ya udongo na matanuri hayafanani siku zote, hivyo vigae vya jina moja vilivyochomwa nyakati mbili huweza kutofautiana rangi kidogo au kuzidiana milimita moja. Maboksi yote ya chumba kimoja lazima yawe na namba zilizo sawa. Kwenye boksi huweza pia kuwepo daraja la kuhimili msuguano, kuanzia 0 hadi 5. Kwa vyumba vya nyumbani daraja la 3 linatosha; kwa ofisi, skuli na vituo vya afya ni vyema kuchagua la 4 au la 5.

Hesabu ya vigae ni rahisi na mwenye nyumba aifanye mwenyewe. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 20. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kina mita ya mraba 0.16, hivyo vinahitajika vigae 125. Kwa ajili ya vinavyokatwa na kuvunjika iongezwe asilimia 10, na jumla itakuwa vigae 138. Ikiwa boksi moja lina vigae 12, yatanunuliwa maboksi 12. Vitakavyobaki visiuzwe wala kugawiwa jirani. Viwekwe, maana siku kimoja kitakapovunjika dukani hapatapatikana mfano wake.

SAKAFU INAYOBEBA KIGAE

Kigae hakina nguvu zake chenyewe. Hubebwa na tabaka lililo chini yake, na kila ufa, shimo au unyevu wa tabaka hilo hupanda juu mpaka ukaonekana. Mambo manne yaangaliwe.

Kwanza, umri wa sakafu. Sakafu mpya ya zege iachwe si chini ya siku 28 kabla ya kuwekewa vigae. Katika siku 7 za mwanzo imwagiwe maji na ifunikwe, khasa katika majira ya kaskazi ambapo jua na upepo hukausha saruji kabla haijashika. Zege linapokauka hujikunja kidogo. Likijikunja likiwa tayari limebeba vigae, huvibandua.

Pili, mchanga. Hapa visiwani mchanga wa ujenzi umekuwa adimu na uchimbaji wake unahitaji kibali, hivyo wapo wanaoshawishika kuchota mchanga wa ufukweni. Kufanya hivyo ni kinyume cha sheria na huharibu fukwe zetu, na pia huiharibu nyumba yenyewe. Mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, huyeyuka wakati wa mvua, na jua likitoka hurudi juu na kuota mithili ya unga mweupe kwenye mianya ya vigae. Kila inapoota husukuma, na kidogo kidogo gundi huachana na sakafu. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari nayo yaangaliwe kwa sababu hiyo hiyo: maji yaliyoingia chumvi kinywani yasichanganywe na saruji.

Tatu, usawa. Ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2 ulazwe sakafuni pande zote. Pengo chini yake lisizidi milimita 3. Sakafu yenye mabonde isawazishwe kwa saruji na mchanga, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 3 au 4 za mchanga, na iachwe ishike. Fundi anayesema kwamba mabonde yatasawazishwa kwa gundi akatazwe. Gundi nene hujikunja inapokauka na huacha kigae kikiwa kimeshikwa nusu.

Nne, sakafu kuukuu. Wengi hutaka vigae viwekwe juu ya niru ya zamani. Inawezekana, lakini niru ni laini na gundi haipati pa kushika. Sakafu hiyo igongwe kwanza. Sehemu zinazolia tupu zibomolewe na kujengwa upya, na zilizo nzima zitiwe alama kwa tindo, zioshwe mafuta na sabuni, kisha zisafishwe vumbi. Nyufa zinazopanuka mwaka hata mwaka ni dalili ya msingi unaozama. Hizo zitengenezwe kwanza, kwani kigae hakizuii ufa, hupasuka nao.

NAMNA KIGAE KINAVYOWEKWA

Fundi mzuri haanzi kwa kuchanganya gundi. Huanza kwa kupima. Hutafuta kati ya chumba, huvuta uzi, na huhakikisha pembe kwa kanuni ya 3, 4 na 5: akipima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, mstari wa kuunganisha ncha hizo lazima uwe mita 5, la sivyo pembe haikukaa sawa. Kisha hupanga safu moja ya vigae vikavu ili aone vipande vitakavyokatwa vitaangukia wapi. Mwenye nyumba asidhani kwamba saa hizo ni uvivu.

Vigae huwekwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani, kwa tabaka la saruji na mchanga lililopakwa uji wa saruji juu yake. Njia hii bado inafaa kwa vigae vinavyokunywa maji, ambavyo hulowekwa kwanza ili visiinyang'anye saruji maji yake. Ya pili ni ya gundi ya vigae inayouzwa kwa mifuko, ambayo ni saruji iliyokwisha kuchanganywa na dawa za kushikisha. Kwa vigae vya poseleni njia hii ya pili ndiyo inayofaa, kwa kuwa mwili wake haunywi maji na uji wa saruji peke yake haupati pa kuingia.

Gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno, na misitari yote ielekee upande mmoja. Meno ya milimita 6 yanatosha kwa vigae vidogo vya ukutani. Kwa kigae cha sentimita 60 kwa 60 huhitajika meno ya milimita 10 au 12, na mgongo wa kigae nao upakwe. Kigae kikandamizwe na kusogezwa kidogo ili misitari ivunjike na hewa itoke. Viwango vya Marekani vya kazi hii vinataka gundi iguse si chini ya asilimia 80 ya mgongo wa kigae katika sehemu kavu, na asilimia 95 katika sehemu zenye maji na nje ya nyumba. Kipimo hicho hakihitaji chombo: fundi akiwa anaendelea na kazi aombwe anyanyue kigae kimoja alichokiweka muda huo huo, na mgongo wake utazamwe.

Kutokana na hayo, ijulikane kwamba mtindo wa kubandika vidonge vitano vya saruji, kimoja kila pembe na kimoja kati, haufai sakafuni. Baina ya vidonge hubaki uwazi. Mguu wa kabati ukikaa juu ya uwazi huo, kigae huvunjika. Na katika bafu uwazi huo hugeuka hodhi la maji yasiyotoka.

Gundi ikishatandazwa huanza kuota utando, na katika joto letu utando huo huja upesi, pengine kabla ya dakika 20. Fundi atandaze eneo dogo analoweza kulimaliza. Ikiwa gundi haigandi tena kidoleni, ikwanguliwe na itupwe. Kuiongezea maji ni kuiua.

Baina ya vigae lazima iachwe mianya, na sakafuni milimita 3 ni kiasi kizuri. Wapo wanaopenda vigae vigusane kwa kuona kwamba hupendeza. Lakini kigae hutanuka kwa joto na kwa unyevu, na kisipopata pa kutanukia huinuka pamoja na mwenzake mithili ya paa la hema, tena kwa kishindo. Kwa sababu hiyo pia iachwe nafasi ya milimita 5 au zaidi kando ya kuta zote, ambayo hufichwa na vigae vya ukingoni. Katika kumbi kubwa pawepo mwanya laini uliojazwa silikoni kila baada ya mita 6 hadi 8, na katika baraza au paa linalopigwa na jua, kila baada ya mita 3 hivi.

Mianya ijazwe baada ya saa 24 kwa saruji ya rangi ambayo mafundi huiita grauti. Kabla ya hapo pasipitwe. Samani nzito zisiingizwe kabla ya siku 7. Mabaki ya grauti yafutwe kwa sponji yenye maji kidogo siku hiyo hiyo. Kuosha vigae vipya kwa asidi, kama inavyoonekana mara nyingi, hula grauti na kufungua njia ya maji.

BAFU, JIKO NA MAHALI PA KUTILIA UDHU

Watu wengi huamini kwamba kigae huzuia maji. Kigae chenyewe huzuia, lakini mianya yake hupitisha, polepole na bila kuonekana. Katika bafu la ghorofani tabaka la dawa ya kuzuia maji lipakwe juu ya saruji kabla ya vigae, lipande ukutani na lizunguke tundu la maji. Likishakauka, tundu lizibwe, maji yajazwe na yaachwe kwa saa 24, na dari ya chumba cha chini itazamwe. Jaribio hili hugharimu ndoo chache za maji. Kulikosa huweza kugharimu bafu zima.

Sakafu ya bafu iteremke kuelekea kwenye tundu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita 1. Mteremko huo utengenezwe katika saruji iliyo chini.

Jambo la usalama lisipuuzwe. Kigae chenye kung'ara, kikilowa maji na sabuni, huteleza vibaya. Wazee wetu, kina mama wajawazito na watoto ndio wanaoanguka, na mvunjiko wa nyonga kwa mzee ni jambo zito. Kwa bafu, mahali pa kutilia udhu, baraza na ngazi, vichaguliwe vigae vyenye uso wa kukwaruza. Vigae vidogo vyenye mianya mingi navyo husaidia, kwa sababu mguu hupata pa kushika.

NYUMBA ZA MJI MKONGWE

Nyumba za Mji Mkongwe zina hukumu yake. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ghorofa zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vingi visizidi upana wa mita 3 hivi. Ujenzi huo hupumua: unyevu huingia katika chokaa na kutoka tena. Ukuta ukifunikwa kwa saruji na vigae, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na hufikia vichwa vya boriti vilivyomo ukutani na kuvioza.

Uzito nao uhesabiwe. Tabaka la saruji lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na vigae vyenyewe huongeza takriban kilo 20. Chumba cha ghorofani cha mita 3 kwa mita 6 kitakuwa kimeongezewa zaidi ya tani 2 juu ya boriti ambazo umri wake huenda ukazidi miaka 100. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na matengenezo ndani ya eneo hilo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mkaazi apeleke maombi kabla ya kununua vigae. Kibali hicho kisionekane kuwa ni usumbufu, kwani hulinda pia roho za wanaolala chini ya sakafu hiyo.

KUMCHAGUA FUNDI

Ipo tofauti kati ya mkandarasi, ambaye huchukua kazi yote pamoja na vifaa, na fundi wa ujira, ambaye hufanya kazi kwa vifaa vya mwenye nyumba. Kwa kazi nyingi za nyumbani fundi wa ujira anatosha, ila mwenye nyumba ajue kwamba ununuzi na ulinzi wa vifaa ni juu yake.

Fundi wa karibu ana faida isiyopatikana kwa fundi mgeni. Kazi zake za nyuma zinaweza kutembelewa, watu wake wanajulikana, na likitokea tatizo anaitwa akaja. Lakini ujirani peke yake si sifa. Kabla ya kupatana, inashauriwa yafanywe haya:

(a) Zitembelewe kazi zake mbili au tatu, na mojawapo iwe imepitiwa na masika mbili. Sakafu ya juzi haina ushahidi.

(b) Vigongwe vigae kwa sarafu, na aulizwe mwenye nyumba iwapo maji ya bafuni huteremka yote.

(c) Aulizwe fundi atafanya nini na sakafu iliyopo kabla ya kuweka kigae. Anayejibu kwa maneno mengi kuhusu sakafu ni bora kuliko anayejibu kwa bei tu.

(d) Vitazamwe vifaa vyake: pimamaji, uzi, miko yenye meno ya saizi mbalimbali, mashine ya kukatia.

Wapo vijana waliosoma ufundi katika vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Cheti ni sifa njema, na kikiungana na kazi inayoonekana huwa bora zaidi. Tuwape vijana wetu nafasi, na tuwape pia haki zao. Vumbi la vigae vinavyokatwa vikavu huingia mapafuni na kuleta maradhi ya kudumu. Ukataji ufanywe kwa maji, na fundi avae kitambaa cha kuzuia vumbi. Saruji mbichi huunguza ngozi, hivyo glavu si anasa.

MAPATANO NA MALIPO

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mapatano ya mdomo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa ujenzi. Karatasi moja inatosha, ikiandikwa majina ya pande mbili, vyumba vinavyohusika, vipimo, aina ya vigae na gundi, nani ananunua nini, nani anabomoa na kuondosha kifusi, siku ya kuanza na ya kumaliza, ujira, na namna ya kulipa. Itiwe saini mbele ya mashahidi wawili. Akiwa Sheha ni mmoja wao ni vizuri zaidi, kwa kuwa likizuka jambo yeye ndiye atakayeendewa kwanza. Kila malipo yaandikiwe stakabadhi.

Ujira usitolewe wote mwanzo, wala fundi asifanyishwe kazi hadi mwisho bila kupewa kitu. Njia iliyo sawa ni kuugawa kwa hatua. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ujira ni shilingi 200,000. Wakati wa kuanza itolewe arubuni ya 40,000. Sakafu ikishakaguliwa na kukubaliwa, kabla ya kigae cha kwanza, zitolewe 60,000. Vigae vikishawekwa vyote, zitolewe 60,000 nyengine. Zilizobaki 40,000 zitolewe siku 14 baada ya mianya kujazwa, baada ya ukaguzi wa mwisho. Mpango huu humlinda mwenye nyumba, na humlinda fundi vile vile, kwani anajua ni kazi gani itamletea malipo gani. Mwenye nyumba anayechelewesha fedha ya hatua iliyokwisha kukubaliwa naye amevunja mapatano.

Ukaguzi wa mwisho una mambo matatu. Vigongwe vigae vyote kwa mti wa mwiko au sarafu, na vinavyolia tupu vitiwe alama. Yamwagwe maji katika bafu na baraza, na ionekane kama yanateremka au yanasimama. Ulazwe ubao ulionyooka, na zipapaswe kingo ili ijulikane kama kigae kimoja kimemzidi mwenziwe. Yanayopatikana yaandikwe na fundi ayarekebishe. Kigae kimoja au viwili vyenye kulia pembeni si sababu ya kumnyima mtu haki yake. Safu nzima ni jambo jengine.

KWA WATUMISHI WENYE DHAMANA YA MAJENGO

Walimu wakuu wa skuli, wasimamizi wa vituo vya afya na maofisa wa utumishi wanakumbushwa kwamba kazi ya vigae katika jengo la umma, hata ikiwa ndogo, hufuata sheria na kanuni za ununuzi wa umma. Kazi moja isigawanywe vipande ili ikwepe taratibu, na mtumishi mwenye jamaa miongoni mwa waombaji aeleze na ajitoe katika uamuzi. Maelezo ya kazi yanayopelekwa kwa waombaji yataje aina ya kigae, matayarisho ya sakafu, na ukaguzi wa kabla ya kufunika. Yasipotajwa hayo, mwenye bei ya chini atakuwa ni yule aliyekusudia kuyaruka.

Hati ya kukubali kazi isitiwe saini ofisini. Aende mtu agonge, amwage maji, apime, na aandike alichokiona katika jalada la jengo. Sehemu ya malipo inayozuiwa kwa muda wa dhamana izuiwe kama mkataba unavyoeleza, na kabla haijaachiwa jengo likaguliwe tena. Bafu la wodi linaloteleza au darasa lenye vigae vilivyoinuka si aibu ya fundi peke yake, ni pia ya aliyetia saini.

Wananchi wanaombwa wayahifadhi maelezo haya na wawasomee mafundi wao kabla ya kazi kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kazi hii huzibwa siku ile sakafu ingali wazi, mwenye nyumba na fundi wakiwa wamesimama juu yake pamoja, kabla kigae cha kwanza hakijalazwa.